Wino Uliopita Tarehe: Tuutupe au Tuutumie?

(Hotuba iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya utunzaji wa vifaa kwa kamati za sharika na wageni kutoka sharika rafiki. Tunaichapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimepewa nusu saa kuzungumzia utunzaji wa vifaa vya ofisi. Ningeweza kuzungumzia pikipiki au jenereta, lakini nimechagua printa ya wino. Ninapotembelea sharika zetu, hiki ndicho kifaa ninachokikuta mara nyingi kikiwa kimefunikwa kitambaa pembeni, kumbe bado ni kizima. Na swali ninaloulizwa ni lile lile: "Mratibu, printa inasema wino umeisha muda wake. Tufanyeje?"

Swali hili linaonekana dogo. Lakini printa ikikataa, taarifa ya mapato na matumizi haisomwi kwa wakati, ripoti ya robo mwaka haimfikii mfadhili, na mtihani wa kipaimara unaandikwa ubaoni. Fedha ya mradi husimama kwa sababu ya karatasi nne ambazo hazikutoka. Jibu langu kwa kifupi ni hili: msiutupe wino kabla ya kuupima, na msikubali printa yoyote kabla ya kujua itawadai nini kila mwezi. Sasa naomba nieleze sababu.

TAREHE HIYO IMETOKA WAPI?

Katriji ya wino ina vitu viwili ambavyo watu wengi huvichukulia kuwa kimoja. Kipo chombo chenye wino wenyewe, na katika aina nyingi ipo chipu ndogo iliyobandikwa pembeni. Chipu hiyo hutunza kumbukumbu: aina ya katriji, makadirio ya wino uliobaki na, katika baadhi ya aina, tarehe ya mwisho wa matumizi. Printa haiuonji wino. Inasoma chipu. Chipu ikisema tarehe imepita, printa hutoa onyo au hukataa kabisa, hata kama wino ndani ni mzuri kama siku uliponunuliwa. Hata kiasi cha wino kilichobaki, kwa printa nyingi, hakipimwi. Kinakadiriwa kwa kuhesabu matone yaliyokwisha kutoka.

Wenye viwanda wana hoja yao, na ni haki tuisikilize. Wino wa printa hizi kwa sehemu kubwa ni maji yaliyochanganywa na rangi na dawa za kuzuia kukauka haraka. Miaka ikipita maji hupungua, hewa huingia, wino huwa mzito. Matundu ya kichwa cha printa ni membamba kuliko unywele, hivyo wino mzito unaweza kuyaziba. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini kasi ya wino kuharibika hutegemea joto, jinsi ulivyofungwa na mahali ulipohifadhiwa, na mambo hayo chipu haiyajui.

Jambo hili limewahi kufika mahakamani. Mwaka 2005 kesi ilifunguliwa huko California, Marekani, dhidi ya kampuni ya HP kuhusu katriji zinazokoma kwa sababu ya tarehe. Mwaka 2010 pande mbili zilikubaliana kumaliza kesi hiyo pamoja na nyingine zilizohusu wino. HP, bila kukiri kosa, ilikubali kutoa hadi dola milioni 5 za vocha za kununulia bidhaa zake, na kuwaeleza wateja wazi zaidi juu ya tarehe hizo. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ilitengua kibali cha makubaliano hayo kutokana na namna ada za mawakili zilivyokokotolewa. Ninalitaja hili ili mjue kwamba mnapolalamika hamko peke yenu. Wateja wa nchi tajiri nao wamelalamika.

DAWA NA WINO SI KITU KIMOJA

Najua kwa nini wazee wengi wa kanisa huogopa kugusa kitu kilichopita tarehe. Dayosisi ina hospitali na zahanati, na tumefundishwa kuwa wakali juu ya dawa. Ukali huo ni sahihi. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya dawa, na mojawapo ya masharti yake ni kwamba dawa ikifika katika nchi inayopokea iwe bado na angalau mwaka mmoja wa kutumika. Sharti hilo liliwekwa kwa sababu nchi maskini zilikuwa zikipokea shehena za dawa zilizokaribia kuharibika, na gharama ya kuziteketeza ikawa mzigo wa aliyepokea.

Basi ukiona tarehe, jiulize inamlinda nani, na ikipuuzwa ni nani ataumia. Tarehe ya dawa inamlinda mgonjwa. Dawa iliyopita muda isipelekwe wodini hata kama inaonekana nzima, kwa kuwa macho yetu hayawezi kuipima. Wino ni tofauti. Wino mbovu hujionyesha wenyewe kwenye karatasi: mistari meupe, rangi iliyofifia, herufi zilizokatika. Anayeweza kupata hasara ni printa yenyewe, na hasara hiyo inaweza kukadiriwa mapema. Kwa hiyo wino tunaweza kuupima na kuamua.

KOMPYUTA ZA LINUX NA PRINTA ILIYONYAMAZA

Sasa nije kwenye kompyuta. Kompyuta nyingi tulizo nazo ni za msaada, nazo ni za zamani. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025, na nyingi ya mashine zetu hazina sifa za kupokea toleo linalofuata. Ndiyo maana ofisi ya miradi imekuwa ikiziwekea Linux, ambayo haina ada ya leseni na hufanya kazi vizuri kwenye mashine ya umri mkubwa. Programu za ofisi za aina hii si ngeni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice lililoitwa Jambo OpenOffice.

Inafaa pia mjue kwamba vuguvugu la programu huria lilichochewa na printa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika chuo cha MIT huko Marekani, Richard Stallman alitaka kuirekebisha programu ya printa ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi, ili iwajulishe watumiaji inapokwama. Alinyimwa maandishi ya programu hiyo. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza programu ambazo kila mtu anaweza kuzisoma na kuzirekebisha. Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Finland akaongeza kiini kinachoitwa Linux. Kazi ya kutuma kurasa kwenye printa katika kompyuta hizi hufanywa na programu iitwayo CUPS, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1999.

Lakini naomba tuelewane. Linux haiwezi kuilazimisha printa ikubali wino. Uamuzi wa kukubali au kukataa umo ndani ya printa yenyewe, katika programu iliyowekwa na kiwanda. Tofauti iko kwenye taarifa. Kwenye Windows, programu ya kiwanda mara nyingi hufungua kidirisha kinachosema tarehe ya wino imepita, ukitaka kuendelea bonyeza hapa. Kwenye Linux kidirisha hicho mara nyingi hakitokei. Kazi inatumwa, kompyuta inasema imepokelewa, printa inawasha taa na kunyamaza. Katibu anadhani printa imekufa, kumbe inasubiri jibu.

Hayo yalitokea katika usharika mmoja wa dayosisi yetu. Walipokea kutoka kwa marafiki printa moja na katriji sita ambazo hazijafunguliwa. Mzigo ulikaa bandarini, kisha ghalani, na ulipofika usharikani tarehe ya wino ilikuwa imepita. Printa haikuwa na kioo cha maandishi, ilikuwa na taa tu. Walibadilisha katriji mara tatu, taa ikawaka vile vile. Kwa majuma kadhaa mtunza hazina alipanda basi kwenda mjini na flashi mfukoni, kuchapa ripoti ya matangi ya maji kwenye duka la stesheneri, akilipia kila ukurasa na nauli juu yake.

Fundi wetu alipofika hakuanza kwa kufungua mashine. Printa ilikuwa imeunganishwa kwenye mtandao wa ofisi, hivyo alifungua ukurasa wake kwa kivinjari cha kompyuta. Ujumbe ulikuwepo: muda wa wino umepita, bonyeza kitufe cha kuendelea. Kitufe kilikuwa mbele ya mashine. Alikibonyeza, akafungua tena foleni iliyokuwa imesimama, na karatasi ikatoka. Nyeusi ilikuwa na mistari meupe, na baada ya kusafishwa mara mbili ikakaa sawa. Katika katriji sita, tano zilifaa. Moja ya njano ilikuwa imekauka, ikatupwa.

HATUA ZA KUFUATA

Kutokana na kazi hiyo tumeandaa utaratibu mfupi. Naomba makatibu wauandike na kuubandika ukutani.

1. Jueni kichwa cha printa kiko wapi. Katika baadhi ya printa kichwa kimo kwenye katriji, na ukibadilisha katriji umepata kichwa kipya. Hapo hatari ya kujaribu wino wa zamani ni ndogo. Katika nyingine kichwa kimo ndani ya mashine, na kikiziba gharama yake inaweza kukaribia bei ya printa. Hapo jaribuni kwa uangalifu, na tu kama katriji haijawahi kufunguliwa.

2. Angalieni katriji kwa macho. Iliyofungwa vizuri na kukaa mahali pa baridi ina nafasi nzuri. Iliyovuja, iliyovimba au iliyokaa juani chini ya bati msiiweke.

3. Someni ujumbe kabla ya kubadilisha chochote. Kama printa ina kioo, someni kioo. Kama ipo kwenye mtandao, fungueni ukurasa wake. Kwa printa za HP kuna programu ya bure iitwayo HPLIP, na kwa Epson nyingi ipo escputil inayokuja pamoja na Gutenprint. Hizo husaidia kuona kiasi cha wino, kusafisha kichwa na kuchapa ukurasa wa kupima matundu.

4. Printa ikiuliza kama mnataka kuendelea, kubalini kwa kubonyeza kitufe chake. Mjue kwamba kiwanda kinaweza kukataa dhamana kwa uharibifu unaotokana na wino huo. Kwa printa ambayo dhamana yake imekwisha, hilo halibadilishi kitu.

5. Fungueni foleni. CUPS mara nyingine huisimamisha foleni baada ya hitilafu, na haiifungui yenyewe. Andikeni localhost:631 kwenye kivinjari, chagueni printa yenu, kisha mwiruhusu iendelee. Sharika nyingi hukwama hapa: tatizo la wino limekwisha, foleni bado imefungwa.

6. Chapeni ukurasa wa kupima. Mkiona mistari, safisheni mara moja au mbili, si zaidi. Kila usafishaji unakula wino na kuujaza sponji la kupokea wino taka. Katika baadhi ya printa sponji hilo lina hesabu yake, na hesabu ikijaa mashine husimama.

7. Msihangaike kurudisha nyuma tarehe ya kompyuta. Baadhi ya printa zina saa yake ndani. Kama mashine imekataa kabisa na haitoi nafasi ya kuendelea, acheni, mtupigie simu.

8. Andikeni kwenye daftari la mali: tarehe ya kufunga katriji, tarehe iliyoandikwa juu yake, na matokeo. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litatueleza mengi kuliko tangazo la muuzaji.

Wino huu utumike kwa ratiba za ibada, mihtasari, matangazo na ripoti. Vyeti vya ubatizo na vya ndoa visichapwe kwa wino tusiouamini. Cheti kinatakiwa kisomeke baada ya miaka hamsini.

JE, NI HALALI KUFANYA HIVI?

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kama kuipita amri ya mashine si kumwibia aliyeitengeneza. Ni swali zuri. Kubonyeza kitufe cha kuendelea ni kutumia nafasi ambayo kiwanda chenyewe kimeiweka, wala hakuna udanganyifu ndani yake.

Kwa upana zaidi, swali la nani mwenye katriji baada ya kuuzwa lilifika Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani. Kampuni ya Lexmark iliuza katriji za bei nafuu kwa sharti kwamba zisijazwe tena, na kuziwekea chipu ya kuzuia. Kampuni ndogo ya West Virginia, Impression Products, ikawa inauza zilizojazwa upya. Tarehe 30 Mei 2017 mahakama iliamua kwamba mwenye hataza akishauza kitu, haki yake ya hataza juu ya kitu hicho imekwisha. Uamuzi huo ni wa sheria ya Marekani, si yetu. Lakini unaonyesha kwamba kulidai lililo lako baada ya kulilipia si uasi.

Pamoja na hayo, viwanda bado vina njia zao. Septemba 2016 printa nyingi za HP zilianza kukataa katriji za watengenezaji wengine kwa sababu ya programu iliyowekwa ndani yake mapema, na baada ya malalamiko kampuni hiyo iliomba radhi kwa namna ilivyowasiliana na wateja. Kwa hiyo kama printa yenu inafanya kazi vizuri, msikubali programu yake ibadilishwe kupitia intaneti bila kuuliza ofisi ya miradi.

NENO KWA WAFADHILI NA SHARIKA RAFIKI

Ndugu zetu wageni, naomba mnivumilie niseme wazi, kwa upendo. Printa za wino huuzwa kwa bei ndogo, na faida hupatikana kwenye wino. Anayetoa printa analipa sehemu ndogo, na usharika unaopokea unalipa iliyobaki, mwaka hadi mwaka. Mkitutumia printa ambayo wino wake hauuzwi katika mji wetu, mmetutumia deni lililofungwa vizuri.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, kabla ya kununua, tuulizeni ni wino gani unapatikana hapa, kisha ikiwezekana fedha itumwe na printa inunuliwe hapa hapa, pamoja na risiti. Pili, kama ni lazima iwe ya wino, iwe ya matangi yanayojazwa kwa chupa. Epson ilianza kuuza printa za namna hiyo Indonesia mwaka 2010, na Canon ikafuata baadaye na zake. Kwa ofisi inayochapa mara chache, printa ya leza yenye rangi nyeusi tu inafaa zaidi, kwani unga wake haukauki. Tatu, msitume printa zinazohitaji kulipiwa kila mwezi kwa njia ya intaneti. Katika mpango wa HP wa Instant Ink, ulioanza Marekani mwaka 2013, katriji za mpango huo huzimwa malipo yakikoma. Hebu fikirini usharika ambao intaneti yake ni simu ya mchungaji.

Na kwa kamati zetu za sharika: msiogope kukataa zawadi isiyofaa. Barua ya kushukuru inayosema "tunaomba kitu kingine" inamsaidia mfadhili kuliko picha ya kifaa kilichowekwa mezani siku ya kukabidhiwa na kufunikwa kitambaa siku iliyofuata. Katika fomu mpya ya kupokea vifaa tumeongeza mistari miwili: "Kifaa hiki kinakula nini?" na "Nani atalipia baada ya mwaka mmoja?" Kifaa kisichokuwa na majibu hayo mawili kisipokelewe mpaka kamati ikae.

KWA KUMALIZIA

Nimezungumza juu ya chupa ndogo za wino, lakini nadhani mmeona kwamba hesabu yake ni ya fedha ya sadaka. Kila katriji iliyotupwa ikiwa nzima imelipiwa na mtu, ama mama aliyetoa mahindi yake kwenye mnada wa kanisa Jumapili, ama mstaafu wa ng'ambo aliyejinyima. Hatuna ruhusa ya kuitupa kwa sababu taa imewaka.

Nawaomba makatibu wote, mkirudi sharikani wiki hii, ondoeni kitambaa juu ya printa. Washeni. Someni inasema nini. Kisha mtuletee orodha: aina ya printa, namba ya katriji, tarehe iliyoandikwa na ujumbe unaotokea. Fundi wa dayosisi atapanga ziara kwa majimbo kufuatana na orodha hizo, na sharika zenye ripoti za wafadhili zinazosubiri zitatangulia.